Ufunguo Uko na Nani?

Sisi tuko hapa Kasapa, kati ya Université na gereza, pale mji unaanza kuisha.

Siku ile tuligawa malata, mama mmoja mjane alisimama mbele ya watu wote akauliza: "Hii malata ni ya chama ao ni yangu? Nikihama nitaibeba?" Watu walicheka, lakini kamati haikuwa na jibu tayari. Tulirudi nyumbani na swali lile. Tuliona kama jibu lake linaanzia mbali sana, mu historia ya kwetu Katanga.

Tarehe 1 Julai 1885, Leta ya mfalme Léopold iliandika kama udongo wote wenye hauna mwenyewe ni wa Leta. Shamba lenye kupumzishwa, pori ya kuwinda, vyote vilihesabiwa kama havina mwenyewe. Mwaka 1900 ikatokea Comité Spécial du Katanga, njo iliyosimamia udongo wa hapa, kuugawa na kuuuza. Union Minière ikazaliwa 1906, mji wa Elisabethville 1910. Babu zetu walipofika kutafuta kazi, walikuta udongo umekwisha kupewa wenyewe.

Mwanzoni kampuni ilileta vijana kwa muda mufupi tu, halafu waliwarudisha kwao. Kuanzia miaka ya 1927 na 1928 ikabadilisha: mtu aje na bibi yake, akae, azae. Ikampa nyumba mu kambi, posho, hospitali, masomo ya watoto. Wazee walizoea kusema: "Kampuni njo baba, kampuni njo mama." Hatutaki kusema uongo: watoto wengi walipona na wakasoma juu ya ile. Lakini ufunguo wa nyumba ulikuwa wa kazi. Kazi ikiisha, nyumba imeisha. Mzee aliyetumika miaka 30 anarudisha ufunguo, anabeba godoro lake, na mukini hakuna tena anayemujua.

Kulikuwa na njia ingine. Mwanzo wa miaka ya 1950, mu Katuba, watu walipewa vifaa vya kujenga kwa mkopo. Walijenga, wakalipa deni kidogo kidogo. Mwaka 1953 dekreti ya Wabelgiji ikakubali kama mtu mweusi anaweza kuwa mwenye nyumba yake mwenyewe kwa sheria. Deni lilikuwa nzito, wengine walilalamika. Lakini hata leo mu Katuba utakuta wajukuu wanaishi mu lupango ya babu yao.

Kampuni nayo ikageuka. Mwaka 1967 Leta iliichukua, kisha ikaitwa Gécamines. Mu miaka ya 1980 ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 haikufika hata tani 50,000. Mishahara ikakatika, posho ikaisha. Kuanzia 2003 watumishi zaidi ya 10,000 walitolewa kwa ile mpango waliita "kuondoka kwa kupenda", na pesa ilitoka Banque Mondiale. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Université yetu hapa, aliandika kitabu juu ya jamaa za wale watumishi, kilitoka 2001. Kichwa chake kinasema wote: bana Shaba walioachwa na baba yao.

Na sisi? Wengi wetu hatukukuwa watu wa kampuni. Tulikuwa watu wa samaki na mihogo, kandokando ya Pweto na Moba. Desemba 2000 vita vilipofika Pweto, tulivuka ku Zambia na nguo mu mwili. Tukapokewa mu Kala ku Kawambwa, na mu Mwange ku Mporokoso. Walitupokea vizuri, Mungu awabariki. Lakini tazameni: nyumba ya kupewa, posho ya kupewa, na orodha yenye jina lako, yenye mtu mwingine anashika. Tulikuwa tena watoto wa baba mwingine. Na siku watu walianza kurudishwa kwao, toka 2007, tukarudi, tukauliza kama wale wazee: sasa tutakaa wapi?

Hatusemi kama kosa lilikuwa letu. Hakuna mtu anayechagua kukimbia vita, na mtu wa kambi hakuchagua bei ya shaba. Lakini kuonewa ni jambo moja, kubaki tunangojea baba mwingine ni jambo lingine.

Sheria ya inchi inatufundisha hapa. Sheria ya 20 Julai 1973 inasema udongo wote ni wa Leta, na Leta haiwezi kuuuza kabisa. Basi mwenye lupango ana nini? Ana haki ya kuutumia, na ana kile amejenga juu yake. Kwanza unapata kontra ya miaka mitatu, na mu ile miaka unapaswa kujenga. Ukijenga, Mukongomani anaweza kupewa haki ya kudumu na sertifika. Ukiacha lupango majani, Leta inaweza kuichukua. Kwa hiyo hata mu sheria, kumiliki ni kazi ya kujibia kitu chako kila siku.

Na karatasi njo sehemu ya ile kazi. Wengi wetu tulinunua kwa chifu ao kwa mtu, tukapata fishi ndogo, tukaiweka chini ya godoro, tukasema imeisha. Haijaisha. Ndugu yetu mmoja alikuwa amefikisha matofali mu madirisha, akatokea mwingine na fishi ya lupango ile ile. Wote wawili walikuwa wamelipa. Sertifika, ikipita miaka miwili, hakuna anayeweza kuishambulia tena. Fishi haina nguvu ile.

Sasa jibu la mama yetu: malata ni yako. Si ya chama, si ya wafadhili. Ukihama, beba. Lakini ukibaki, tafuta kontra, na jina liandikwe lako, si la shemeji. Kwa walioolewa vilevile: toka sheria ya 2016, bibi hahitaji tena ruhusa ya bwana yake kwa kuweka sahihi. Tuliona wajane wakifukuzwa mu nyumba walizojenga kwa mikono yao, juu jina lilikuwa la marehemu peke yake.

Kwa wafadhili tunaomba hivi: mwaka huu musitutumie unga. Mutusaidie na gharama ya kupima malupango, nusu kwa nusu. Nusu yetu tunaiweka mu likelemba, na hesabu tutawaonyesha.

Na kwa wanachama: mkutano unaokuja, kila mtu alete karatasi yake, hata kama imekuliwa na panya. Tutazisoma pamoja, moja moja. Mama wa malata amekwisha kusema atakuwa wa kwanza.