Nauli ya kwenda bichi: Jumapili za watu wa Mtoni

Ukisimama pale Mtoni, upande wa Temeke wa Dar es Salaam, Kilwa Road inapovuka mto Kizinga, bahari iko karibu zaidi kuliko Kariakoo, lakini si bahari ya kuoga. Kizinga unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapita katikati ya nyumba za watu, unakusanya kila kilichotupwa njiani, kisha unaishia kwenye mikoko na tope. Mbele ya mikoko kuna maji ya bandari. Watoto huoga hapo hapo, wazazi wao wakiwatishia fimbo. Mtu mzima anayetaka mchanga na mawimbi lazima apande chombo, iwe basi, pantoni au bajaji, na aliyekulia upande huu wa mji anajua kwamba mipango ya Jumapili huanza na hesabu ya nauli.

Hesabu hiyo ina historia ndefu. Wajerumani walianza mapema kupanga mji kwa aina ya nyumba: kanuni yao ya ujenzi ya 1891 ilitenga maeneo ambayo nyumba ya udongo na makuti haikuruhusiwa, na Waingereza wakauendeleza mtindo huo hadi ukazaa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uzunguni ulipopanuka kuelekea kaskazini, kuanzia miaka ya 30, Wazungu walijengewa Oyster Bay, penye upepo wa bahari. Temeke ilipimwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, upande wa pili kabisa wa mji, iwe makazi ya Waafrika wafanyakazi. Walioiona bichi ya Oyster Bay kila siku walikuwa mpishi, yaya na mtunza bustani, na waliiona wakiwa kazini.

Tusidhani lakini kwamba Uswahilini walikaa Jumapili wakiililia bahari. Kwa mtu wa pwani bahari ilikuwa kazi, ya mvuvi na ya baharia. Starehe ilikuwa kwingine. Dar es Salaam Jazz Band ilianza 1932, Yanga ikafuata 1935, Simba 1936, na kwa miongo kadhaa wikiendi ya Mwafrika wa mji huu ilikuwa mpira wa jioni, ngoma, harusi na dansi. Siku ya Idi watoto walipelekwa Mnazi Mmoja kwenye pembea. Mambo haya mtu aliyafikia kwa miguu au kwa baiskeli. Kuvaa nguo nzuri na kusafiri saa nzima ili ukazivue ufukweni lilikuwa jambo la kigeni, na nadhani wazee walioliona hivyo hawakukosea sana.

Uhuru ulipokuja bichi zilibadilika pole pole. Oyster Bay ikageuka makazi ya mawaziri na mabalozi, na barabara yake ya ufukweni ikapewa jina la Sékou Touré wa Guinea. Kaskazini zaidi, kandokando ya njia ya Bagamoyo, zikaota hoteli za watalii: Kunduchi, Bahari Beach, Africana. Mwaka 1975 visiwa vya Mbudya na Bongoyo, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, vikatangazwa hifadhi za bahari. Yote hayo ni upande wa Kinondoni. Ukiwa na gari ulikuwa na wikiendi nzima mkononi: asubuhi Kunduchi, jioni Drive-in ya Msasani, sinema ya wazi iliyofunguliwa 1966, ambako familia zilijipanga ndani ya magari na vyakula vyao. Siku hizi mahali hapo pana ubalozi wa Marekani.

Kisha mafuta yakaadimika. Baada ya vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973 pipa la mafuta lilipanda kutoka dola kama 3 hadi karibu 12, na nchi ambayo wakati huo huo ilikuwa inanunua nafaka nje kwa sababu ya ukame haikuwa na ujanja. Serikali ikapiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana, isipokuwa kwa kibali. Vijana wa leo ukiwasimulia wanadhani unawatania. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na kwa miaka. Mwenye Peugeot yake aliyeipeleka familia Kunduchi alikuwa na jicho moja kwenye maji na jingine kwenye saa. Ilibidi watoto watolewe majini jua likiwa bado kali, wapanguswe haraka, sufuria zirudishwe kwenye buti, na gari liwe uani kabla polisi hawajasimama barabarani. Bichi ya Jumapili ikawa bichi ya asubuhi.

Mtoni marufuku hiyo haikumgusa mtu, na hapa ndipo historia hii inaponichekesha kidogo. Huwezi kumzuia kuendesha gari mtu asiye na gari. Shida ya huku ilikuwa basi. Kampuni ya mabasi ya DMT ilitaifishwa 1970, UDA ikaundwa 1974, na shirika hilo halikuchukua muda kuelemewa: mabasi mabovu, vipuri hakuna, fedha za kigeni hakuna, na mji unajaa watu. Jumapili, siku ambayo hata basi la kwenda kazini lilikuwa la bahati, nani angepanga safari ya Mtoni hadi Oyster Bay na watoto wanne? Waliobahatika walipata lifti kwenye lori la kazini. Wengine walijibana kwenye chai maharage, zile pikapu zenye mabenchi mawili yaliyotazamana, zikikimbizana na askari kwa sababu biashara hiyo haikuwa halali.

Mwaka 1983 serikali ilisalimu amri na kuruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria mjini. Waliosifu daladala kwa kuwafikisha watu kazini hawakukosea, ila wanasahau Jumapili. Gari la mtu binafsi halipumziki mradi abiria wapo, na makondakta waligundua mapema kwamba siku ya Idi, Krismasi na Pasaka abiria wanakwenda bichi. Zikaanza kupatikana gari za kuunga: Mtoni hadi Posta au Kariakoo, kisha nyingine hadi Oyster Bay. Bichi ya mabwana wa zamani, ambayo watu walishaizoea kwa jina la Coco, ikawa ya kila mtu.

Mtu ambaye hajafika Coco jioni ya Jumapili, hasa msimu wa kaskazi joto linapokolea, ajue haya. Maji yakipwa miamba inatoka nje na kuoga ni kujikata miguu, kwa hiyo wenyeji huuliza kwanza saa ya maji kujaa. Wasiojua kuogelea hukodi tyubu la gari, jeusi, lenye viraka, na ile pua yake ya kujazia upepo inayochubua mbavu za kila anayelikumbatia. Mwenye matyubu hukaa juu ya ngazi za mawe akiwahesabu wateja wake kwa macho, na muda ukiisha hupiga mluzi ambao kila mteja hujifanya hakuusikia. Kina mama wanaingia majini na madira yao. Juu, kando ya barabara, mihogo inakaangwa, inapasuliwa katikati, inapakwa pilipili na kachumbari, inakabidhiwa kwenye karatasi. Mishkaki iko pembeni, madafu yako pembeni, na mpiga picha anayekuomba usimame vizuri ana printa ndani ya begi.

Kule kaskazini, hoteli ya Africana ilikwisha zamani. Ufuo wa Kunduchi ulimomonyoka, na kati ya mambo yaliyolaumiwa ni uchimbaji wa mchanga wa kujengea kwenye mito inayoingia baharini eneo hilo: mto usipoleta mchanga, bahari hula ardhi. Hoteli ikaachwa, bahari ikaimaliza. Jina limebaki kwenye kituo cha daladala, na abiria wengi wanaoshuka hapo hawajui kama palikuwa na hoteli.

Bahari ambayo kwa haki ni ya Temeke ni ya Kigamboni. Kwa mstari wa ndege iko ng'ambo tu ya bandari, lakini kwa miaka mingi kuifikia kulimaanisha kwenda kwanza mjini, Feri, kupanga foleni na kungoja pantoni. Siku ya sikukuu foleni hiyo yenyewe ilikuwa nusu ya matembezi. Januari 2012 nauli ya mtu kwa miguu ilipandishwa kutoka shilingi 100 hadi 200, na Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, John Magufuli, aliwajibu waliolalamika kwamba asiyeweza kulipa apige mbizi. Kauli hiyo ilimfuata muda mrefu. Haki yake nayo tumpe: Aprili 2016, akiwa Rais, ndiye aliyefungua daraja la Kigamboni, lenye urefu wa mita 680, kutokea Kurasini, na akaamua liitwe la Nyerere. NSSF ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya gharama, kwa hiyo magari yakatozwa kuvuka, na baada ya manung'uniko ya miaka kadhaa tozo zikapunguzwa 2022. Kwa mtu wa Mtoni mambo yaligeuka kabisa. Kurasini ni jirani. Vijana watatu wanachanga, wanachukua bajaji, wanavuka, na baada ya muda mfupi wako Mjimwema.

Ungetarajia, basi, kwamba Coco ingepoteza watu wa Temeke. Haijapoteza. Jumapili hadi Jumapili bado wanapanda gari mbili kuukatiza mji mzima, wakaibanie nafasi kwenye mchanga wa Kinondoni. Ukiwauliza watakujibu kwa kutaja geti. Kando ya bahari ya Kigamboni sehemu nyingi nzuri zimeshikwa na hoteli na baa. Kuna kiingilio, na mara nyingi kuna tangazo kwamba chakula na vinywaji vya kutoka nje haviruhusiwi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, lakini mtu anayesimamishwa getini hajafika kwenye hizo mita 60, na hana wa kumsomea sheria. Bajaji imemfikisha kwa bei rahisi kuliko wakati wowote tangu Temeke ipimwe. Lakini mama aliyeamka alfajiri kupika pilau ya watu kumi hawezi kuiacha kwa mlinzi na kwenda kununua chipsi za bei ya hoteli. Coco hamna geti, na sufuria lake linaingia.