Kama Tungalipiga Kura Siku Ile

Ndugu wasikilizaji, ninyi mliokimbia vijiji, nanyi viongozi wa mitaa, tuulize historia. Tarehe 26 Desemba 2018 CENI iliahirisha kura ya Beni, Butembo na Yumbi hadi Machi. Kwetu ilitaja Ebola na ukosefu wa usalama. Tarehe 30 nchi ikachagua. Beni watu wakapanga mistari, wakapiga kura yao isiyohesabiwa. Rais akaapishwa 24 Januari 2019. Sisi tukachagua wabunge tu, 31 Machi.

Wawili wa kwanza walitofautiana kwa kura 684,000 hivi. Walioandikishwa huku na Yumbi walizidi 1,000,000. Tungalipiga, nani angalishinda? Hakuna ajuaye. Lakini mshindi angalikuwa na deni kwetu, na aliyeshindwa angalikosa neno.

Basi kiongozi, unapochagua kamati ya wakimbizi, usiruke nyumba hata moja. Asiyeulizwa leo, kesho atakataa.