Daraja la maji

Daraja la maji ni daraja linalobeba mfereji ili maji yavuke bonde, mto au barabara. Katika madaraja ya kale maji yalikwenda kwa mteremko peke yake, hivyo mtihani mkubwa wa mjenzi ulikuwa vipimo.

Miongoni mwa ya kale kabisa ni la Jerwan, kaskazini mwa Iraki ya leo. Mfalme Senakeribu wa Ashuru aliamuru lijengwe karibu na mwaka 690 KK ili kupeleka maji Ninawi, na mawe zaidi ya milioni mbili yalitumika.

Warumi ndio waliovuma kwa kazi hii, ingawa mifereji yao ilipita zaidi chini ya ardhi. Aqua Appia, wa kwanza mjini Roma (312 KK), ulifukiwa karibu wote. Matao yalijengwa hasa pale bonde lilipokatiza njia. Pont du Gard, kusini mwa Ufaransa, lina safu tatu za matao na kimo cha takriban mita 49. Lilijengwa katika karne ya 1 BK kwa ajili ya mfereji wa kilomita 50 hivi kutoka Uzès hadi Nîmes, ulioshuka wastani wa sentimita 25 tu kwa kilomita. Maji yake yalikuwa na chokaa nyingi. Usafishaji ulipolegea, mfereji ukaziba kidogo kidogo hadi ukaachwa.

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Wachagga walichimba mifereji ya kumwagilia mashamba, iitwayo mifongo. Penye korongo, maji yalivushwa kwa magogo yaliyochongwa ndani.

Baadaye madaraja ya maji yakaanza kuvusha vyombo vya majini. Pontcysyllte la Wales, kazi ya Thomas Telford na William Jessop iliyokamilika mwaka 1805, ni hodhi la chuma lenye urefu wa mita 307, lililo mita 38 juu ya mto Dee. Mashua ikiingia haiongezi mzigo, kwa kuwa husukuma kando maji yenye uzito sawa na wake. Daraja la Magdeburg, Ujerumani, lenye mita 918, lilifunguliwa mwaka 2003 na kuziondolea meli za mizigo mzunguko wa kilomita 12.

Pont du Gard liliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1985, na Pontcysyllte mwaka 2009.