Pembe ya Jua Juu ya Paa: Neno "Wima" na Hatari Yake

Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania mwaka 1967, hisabati ilihitaji maneno kwa haraka. Baadhi yalipatikana nyumbani, kama pembe, pembemraba na nyuzi. Mengine, kama saini na kosaini, yaliazimwa (na saini ya hisabati haina undugu na ile itiwayo chini ya barua za serikali). Safari ya saini ni ndefu. Wahindi walisema jya au jiva, yaani kamba ya upinde. Waarabu waliliandika kwa konsonanti tupu, likaja kusomwa jayb, yaani uwazi wa nguo kifuani. Na wafasiri wa Kilatini wa karne ya 12 wakalifasiri hivyo hivyo, sinus.

Kosaini ndiyo itumikayo katika kanuni aliyoieleza Johann Heinrich Lambert mwaka 1760: nuru ipokewayo na uso hufuata kosaini ya pembe iliyo baina ya mwale na mstari unaofanya pembemraba na uso huo. Aghalabu wafasiri huuita mstari huu "mstari wima". Juu ya meza iliyo sawa hapana madhara. Juu ya paa, hata hivyo, wima wa timazi ni mstari mmoja, na mstari wa pembemraba ni mwingine; hutengana kwa kiasi kile kile cha mwinamo wa paa.

Tutazame Muleba, iliyo karibu nyuzi 2 kusini ya Ikweta. Jua hupita utosini katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Adhuhuri ya Juni 21 huwa kiasi cha nyuzi 25 kaskazini ya utosi. Paa la mabati lenye mwinamo wa nyuzi 20, upande utazamao kaskazini, hupigwa kwa pembe ya 25 kutoa 20, yaani nyuzi 5. Kosaini yake ni 0.996. Upande wa kusini ni 25 kujumlisha 20, yaani nyuzi 45, kosaini 0.71. Fundi aliyesoma "mstari wima" katika maelezo ya paneli za sola atapata nyuzi 25 kwa pande zote mbili, kosaini 0.91, naye ataona hapana haja ya kuchagua. Adhuhuri ya Desemba 22 mambo hugeuka: kusini nyuzi 2, kaskazini nyuzi 42.

Kwa maoni yetu, "mstari wa pembemraba" ni mrefu lakini ni salama. Vilevile mwinamo ubaki wa paa, na mteremko uachiwe vilima.

Ama nyumba ya msonge ya Wahaya, paa lake la nyasi huzunguka pande zote. Mwinamo ni mmoja, pembe za mwale ni nyingi, na kila upande hauna budi kuhesabiwa peke yake.