Jinsi Linux ilivyojifunza kulala

Mwaka 1930 maji ya mto Lufira yalianza kuzungusha mitambo ya Mwadingusha, na umeme wake ukavutwa hadi Likasi, mji wa Katanga nchini Kongo uliokuwa ukiitwa Jadotville. Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga iliuhitaji kwa kiwanda cha Shituru, ambako shaba husafishwa kwa kupitisha umeme ndani ya matangi ya asidi mpaka igande kwenye mabamba. Mwaka 1950 kikafuata kituo cha Koni kwenye mto huohuo, halafu Nzilo na Nseke kwenye Lualaba, upande wa Kolwezi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikafika laini ndefu ya umeme kutoka Inga, inayokata nchi kwa kilomita zipatazo 1,700. Vyote hivyo vilijengwa kwa ajili ya madini kwanza. Nyumba za wananchi ziliwekwa nyuma ya foleni, na anayeishi kwa ratiba ya délestage, yaani kukatiwa umeme kwa zamu, anajua kwamba bado hazijasogea sana.

Mbali na shaba, Katanga imeupa ulimwengu wa kompyuta kitu kingine: kobalti. Mwaka 1980, huko Oxford, John Goodenough na wenzake walionyesha kwamba oksidi ya lithiamu na kobalti inaweza kuhifadhi umeme mwingi katika betri ndogo. Mwaka 1991 Sony ikaanza kuuza betri za aina hiyo, na kompyuta mpakato zikabadilika. Leo zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, karibu yote katika ukanda huu wa shaba. Mwanafunzi wa Likasi anayeandika kazi yake gizani, kwa mwanga wa skrini, huenda anatumia madini yaliyochimbwa si mbali na kwao.

Kwa mtu kama huyo, mipangilio ya umeme kwenye kompyuta ni suala la kumaliza kazi au kuipoteza. Kompyuta nyingi zinazofika hapa zimekwisha kutumika kwingine, na mfumo endeshi wa Linux huzipa maisha mapya bila kulipia leseni. Lakini Linux haikuzaliwa ikijua kubana umeme. Ilijifunza kwa zaidi ya miaka 20, na hatua zake kubwa zilitokana na watu waliokaa chini wakapima.

Nani mwenye amri?

Linus Torvalds alipotoa Linux mwaka 1991 akiwa Helsinki, aliiandika kwa kompyuta ya mezani iliyochomekwa ukutani. Mwaka uliofuata Intel na Microsoft walitangaza utaratibu wa kusimamia umeme ulioitwa APM. Katika utaratibu huo mwenye amri alikuwa BIOS, ile programu ndogo iliyofungwa ndani ya mashine kiwandani. Mfumo endeshi uliomba tu. BIOS ndiyo iliyozima na kuwasha.

Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba walileta utaratibu mpya, ACPI, na mamlaka yakahamia kwa mfumo endeshi. Mtengenezaji huandika ndani ya mashine majedwali yanayoeleza betri iko wapi, feni inaendeshwaje, kifuniko kikifungwa nani aarifiwe. Hali za usingizi nazo zikapewa majina. S3 huzima karibu kila kitu isipokuwa kumbukumbu. S4 huandika yaliyomo kwenye kumbukumbu hadi diski, kisha mashine huzimika kabisa.

Linux ilianza kuielewa ACPI katika toleo la 2.4 mwaka 2001, na kuitumia kwa uhakika zaidi katika toleo la 2.6, lililotoka Desemba 2003. Ugumu ulikuwa kwenye majedwali yenyewe. Watengenezaji wengi waliyajaribu kwa Windows peke yake, na yakiwa na kasoro, mwenye Linux ndiye aliyeumia: kompyuta ililala isiamke, au iliamka skrini ikiwa nyeusi. BIOS huweza hata kuuliza kama mfumo unaoendesha mashine ni Windows ya toleo fulani. Hadi leo Linux hujibu ndiyo, kwa kuwa njia hiyo ndiyo iliyojaribiwa kiwandani.

Saa isiyonyamaza

Kosa lililofuata lilikuwa ndani ya Linux yenyewe. Kiini chake, yaani kernel, kiliamshwa na saa mara 1,000 kwa sekunde katika matoleo ya mwanzo ya 2.6, baadaye mara 250, hata kama hakuna kazi yoyote. Kichakataji hakikupata nafasi ya kuzama katika usingizi mzito. Aprili 2007, toleo la 2.6.21 lilileta kazi ya Thomas Gleixner, Ingo Molnar na wenzao: saa hunyamaza mpaka pawe na jambo la kufanya.

Mwezi uliofuata Intel ikatoa PowerTOP, programu inayoorodhesha nani anaamsha kichakataji na mara ngapi. Kwa mara ya kwanza mtumiaji wa kawaida aliona kwa jina programu zilizokuwa zikimlia betri kimyakimya. Waandishi wa programu hizo walizirekebisha moja baada ya nyingine, kwa sababu sasa kila mtu aliweza kuziona.

Funzo kubwa kuliko yote lilikuja mwaka 2011. Toleo la 2.6.38 lilipotoka, baadhi ya kompyuta zilianza kumaliza betri upesi. Michael Larabel, mwandishi wa tovuti ya Phoronix, hakuishia kulalamika. Aliunganisha kipimo cha umeme na majaribio yaliyopitia mabadiliko ya kiini hadi akafika kwenye badiliko lenye kosa. Lilihusu ASPM, namna ya kupunguza umeme kwenye njia zinazounganisha vifaa vya ndani. BIOS ikidai haiungi mkono ASPM, Linux ilikuwa imeanza kuizima hata pale ambapo BIOS yenyewe ilikuwa imekwisha kuiwasha. Novemba mwaka huo Matthew Garrett alichunguza Windows inafanyaje, akaandika marekebisho: acha kila kifaa kama BIOS ilivyokiacha. Yakaingia katika toleo la 3.3 mwaka 2012.

Kupima ukiwa Likasi

Fundi wa hapa anaweza kufuata njia hiyohiyo. Aanze na betri. Amri ya upower -d huonyesha energy-full-design, yaani uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na energy-full, uwezo wake wa sasa. Ya kwanza ikiwa 50 na ya pili 28, karibu nusu ya betri imekwisha kufa, na hakuna mpangilio utakaoirudisha.

Kisha atazame kama wasimamizi wawili wa umeme wanagombana. TLP na power-profiles-daemon hazipaswi kufanya kazi pamoja: abakize mmoja. Kompyuta ikilazwa jioni na asubuhi ikakutwa imekauka, asome faili ya /sys/power/mem_sleep. Neno lililo ndani ya mabano ndilo linalotumika: s2idle ni usingizi mwepesi, deep ni ile S3. Mashine nyingi mpya hazina deep tena. Kwa hizo, ni salama zaidi kutumia S4 usiku, mradi nafasi ya swap kwenye diski inatosha kubeba yaliyo kwenye kumbukumbu.

Betri iliyochakaa ina hila yake. Inaweza kuonyesha asilimia 15, halafu mashine ikazimika papo hapo. UPower, kwa mpangilio wake wa awali, husubiri hadi asilimia 2 ndipo ichukue hatua. Kwa betri kama hiyo, imechelewa. Katika faili ya UPower.conf, PercentageLow, PercentageCritical na PercentageAction zipandishwe kwa pamoja, kwa mfano 30, 25 na 20. Ni lazima zishuke kwa mpangilio huo, la sivyo UPower huzipuuza na kurudia za awali.

Hata ushauri mzuri unahitaji kupimwa kwa mazingira yetu. Miongozo mingi husema chaji isimamishwe kwenye asilimia 80 ili betri idumu. Ni kweli, kwa mtu ambaye kompyuta yake inakaa kwenye umeme mchana kutwa. Anayeishi kwa saa chache za umeme anahitaji asilimia 100 kabla haujakatika, na ni haki yake kuchagua hivyo. Asilimia 80 aiweke kwa siku ambazo umeme umetulia.

Mwaka 2021 Mwadingusha ilikamilishiwa ukarabati, ikafikia megawati 78, na mgodi wa Kamoa-Kakula ukaanza kulishwa. Mgawanyo wa umeme huo hauamuliwi na fundi wa kompyuta. Kilicho mikononi mwake ni wati anazozipima, na katika Linux taarifa ya mtu yeyote iliyopimwa vizuri inaweza kubadilisha kiini kinachotumika dunia nzima. Wanaoishi na betri mbovu na umeme wa kukatika wana vipimo ambavyo maabara za Ulaya na Marekani hazina. Vyuo na mafundi wa Likasi waviandike na kuvituma, ili mashine zinazoletwa hapa zitengenezwe zikijua zitakutana na umeme wa namna gani.