Asili ya Ndizi za Kukaanga na Tofauti Zake Mahali kwa Mahali

Ikiulizwa ndizi za kukaanga zilitoka wapi, majibu yatolewayo aghalabu ni mawili. Wako wasemao kwamba ni chakula cha Wahindi, kwa kuwa karai na bajia ni mambo yao. Wako na wasemao kwamba ni cha wenyeji tangu zamani za mababu, kwa kuwa mgomba umo karibu kila kijiji. Kila jibu lina sehemu ya kweli, wala hakuna lililo kamili. Chakula hiki kina mambo matatu ndani yake, yaani tunda, kazi ya moto, na chombo. Na kila moja lina umri wake na njia yake ya kuja. Vyungu huvunjika na magogo ya migomba huoza, lakini maneno hudumu, na kwa maneno umri huo waweza kupimwa.

Mahali pafaapo kwa uchunguzi wa namna hii ni bonde la Rufiji, na khasa Mloka. Kijiji hicho kiko kando ya mto, takriban kilomita 100 kutoka Kibiti kwa njia ya Mkongo, karibu na lango la Mtemere la mbuga ya Selous, ambayo sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Upande mmoja mto wateremka hata delta na Bahari ya Hindi. Upande wa pili ndiko yalikolala mabonde ya bara. Kwa hiyo Mloka ni mahali ambapo mambo ya pwani na ya bara hukutana. Wala kukutana huko si kwa jana: mwaka 1999 Felix Chami alitangaza habari za shanga za Kirumi zilizofukuliwa upande wa delta, na wako wataalamu wanaodhani kwamba Rhapta, soko lililotajwa katika kitabu cha Kiyunani kiitwacho Periplus, lilikuwa karibu na hapo. Vyakula vya nchi kama hii havikuingia kwa mlango mmoja.

La kwanza ni tunda lenyewe. Mgomba asili yake ni Asia ya kusini-mashariki na New Guinea, ambako katika bonde la Kuk ulilimwa yapata miaka 7,000 iliyopita. Ndizi zilimwazo hazina mbegu za kupandwa. Mche hauna budi kung'olewa na kuchukuliwa kwa mkono wa mtu. Kwa hiyo kila mgomba wa Afrika ya Mashariki, hata ulio nyuma ya nyumba Mloka, ni mjukuu wa mche uliovuka bahari.

Lakini Kiswahili hakiuhesabu kuwa mgeni. Miti mingi ya matunda huitwa kwa jina la tunda lake likiongezwa kiambishi: embe na mwembe, chungwa na mchungwa, pera na mpera, papai na mpapai. Ndizi haifuati mtindo huo katika Kiswahili cha kawaida: tunda lina shina lake la neno, na mmea una lake. Hali kadhalika mpunga, mchele na wali. Tena yako mkungu, chane na kidole, kila sehemu ikiwa na jina lake. Msamiati uliogawanyika hivyo ni alama ya kitu ambacho watu wamekilima, wamekikata na kukigawana kwa muda mrefu.

Ushahidi wa Madagaska ni wa ajabu zaidi. Kimalagasi ni ndugu wa lugha za visiwa vya Indonesia, yaani za upande ule ule ulikotoka mgomba. Hata hivyo Wamalagasi huiita ndizi akondro, na neno hilo ni la Kibantu, la shina moja na likondo la Kilingala. Hao waliotoka kwenye asili ya mgomba walilipokea jina lake kutoka kwa Wabantu. Basi yaelekea kwamba walipofika, ndizi ilikwisha kuwa chakula cha Wabantu waliokutana nao. Mwaka 2019 Xavier Perrier na wenzake walitoa uchunguzi wa nasaba za migomba, ukionyesha kwamba mlali wa Komoro na Unguja na mshare wa Kilimanjaro ni wa ukoo mmoja ulioletwa kutoka Asia ya kusini-mashariki. Hapo elimu ya mimea na elimu ya lugha zakutana: safari ilikuwa ya bahari, lakini makazi yakawa ya bara na pwani pamoja.

La pili ni kazi ya moto. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandikia ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, zikaletwa mezani pamoja na wali. Habari hiyo yaonyesha upishi wa ndizi kuwa jambo la kawaida kwenye meza ya pwani. Ila huo ni upishi wa kuchemsha, si wa kukaanga.

Kitenzi kaanga nacho ni cha kale. Irabu yake ndefu ni kovu la konsonanti iliyopotea, kama ilivyo katika njaa, ambayo kwa lugha nyingine za Kibantu ni njala, au katika zaa, ambayo konsonanti yake hurudi tukisema zaliwa. Jamaa zake wameihifadhi: Kikuyu husema karanga, Kinyarwanda gukaranga, Kiganda kalanga, na Kiswahili cha Kongo chasema karanga hata leo. Lakini maana ya kale ya kitenzi hiki haikuhitaji mafuta. Mtu hukaanga mahindi, hukaanga buni, hukaanga bisi, na chombo ni kikavu. Karanga zenyewe, zao lililotoka Amerika, yaelekea zilipewa jina kwa kazi hiyo. Kwa hiyo tafsiri ya kamusi inayosema kwamba kukaanga ni kupika kwa mafuta tu, huikata nusu ya historia ya neno na kumfanya msomaji adhani kwamba kazi na mafuta vilizaliwa pamoja.

La tatu ni chombo. Wabantu walikuwa na kaango, chungu cha udongo; na kikaango kimetoka katika kitenzi hicho hicho. Karai ni neno lingine kabisa. Limetoka katika lugha za Bara Hindi, pamoja na bajia na chapati, na chombo chenyewe ni cha chuma, kipana, chenye kuchukua mafuta mengi. Mafuta hayakuwa haba pwani: palikuwa na ya nazi, ya ufuta, na samli, na Periplus yataja samli na mafuta ya ufuta kuwa bidhaa zilizoletwa kutoka Bara Hindi hata masoko ya Pembe ya Afrika. Lakini kuzamisha kipande katika mafuta yachemkayo hutaka chombo kinachostahimili moto mkali. Makazi ya Wahindi yalipozidi Unguja na pwani katika karne ya 19, chombo na jina lake vilikuwa na njia pana ya kuenea. Basi ndizi za kukaanga, kama zijulikanavyo sasa, ni tunda la Asia lenye jina la kienyeji, kazi ya Kibantu, na chombo cha Kihindi.

Kwa kuwa mambo hayo matatu hayakukutana kwa namna moja kila mahali, zimetokea tofauti nyingi. Unguja na mrima wote ndizi zipendwazo kwa kukaanga ni mzuzu na mkono wa tembo, ambazo ni ngumu na zenye wanga mwingi. Mkono wa tembo huzaa vidole vichache vilivyo vikubwa sana. Ikiwa mbivu hupasuliwa kwa urefu, ikakaangwa hata ipate rangi ya kahawia. Ikiwa mbichi hukatwa nyembamba na kutiwa chumvi. Mombasa vipande vyembamba vya muhogo na viazi huitwa kachiri, neno lisilo na sura ya Kibantu, na ndizi hufuata njia hiyo hiyo. Uganda ndizi ya namna ya mzuzu huitwa gonja, huchomwa au kukaangwa. Na kabalagala ni kitu kingine, kwani ndizi tamu hupondwa, ikachanganywa na unga wa muhogo ndipo ikakaangwa. Kongo husemwa makemba. Kilimanjaro, ijapokuwa ni nchi ya migomba, mshare na mtori ni mambo ya chungu na maji. Karai limekuja baadaye.

Nje ya Afrika ya Mashariki mfano ni ule ule: kelewele ya Ghana, dodo ya Nigeria, pisang goreng ya Indonesia, na mofo akondro ya Madagaska, ambamo ndizi huvikwa unga kabla ya kuzamishwa, na ambamo neno mofo lafanana sana na mofa ya Kiswahili. Kufanana kwa vyakula hivi si hoja ya kwamba kimoja kilizaa vyote. Penye ndizi, mafuta na chombo, mpishi hufika hapo mwenyewe; majina peke yake ndiyo yaonyeshayo nani alichukua kwa nani.

Ndiyo sababu neno jipya, chipsi, lataka kuangaliwa. Katika miji limekwisha kufunika mbichi na mbivu, nyembamba na nene, mzuzu na bokoboko. Neno la kigeni si dhambi. Karai nalo lilikuwa geni. Tofauti ni kwamba karai liliongeza jina kwa kitu kisichokuwapo, na chipsi huondoa majina ya vitu vilivyopo.

Bonde la Rufiji lina haja kubwa zaidi ya kuandikiwa mapema. Majina ya mimea hukaa na mashamba. Mwaka 1968 na 1969 watu wengi walihamishwa kutoka nyanda za mafuriko, walikolima mlau maji yakishapungua, wakawekwa kwenye vijiji vya juu. Mwaka 2019 ujenzi wa bwawa la Julius Nyerere ulianza juu ya Mloka, na maji yakaanza kujazwa Desemba 2022. Aprili 2024 mafuriko makubwa yakaharibu mashamba ya Rufiji na Kibiti. Mgomba hauvumilii kusimama majini siku nyingi, na shamba likibadilika, wazee hubaki na majina yasiyo na kitu cha kuonyesha. Atakayeandika maneno ya upishi ya nchi hii na aulize mambo manne kwa kila jina: ni ndizi gani, ilikuwa imeiva kiasi gani, ilikatwaje, na ilipikwa ndani ya nini. Majibu hayo manne yakipatikana kutoka Mloka hata delta, swali la asili litajibiwa kwa ushahidi wa wapishi wenyewe.