Kioo Ndani ya Jicho la Kipepeo

Historia ya elimu ya macho ya wadudu haikamiliki bila Vienna ya mwaka 1891, Sigmund Exner alipochapisha kitabu chake na kutenganisha macho ambayo lenzi nyingi huchangia mwanga mahali pamoja, kama ya nondo wengi, na yale ambayo kila lenzi hukihudumia kijicho chake tu. Kipepeo wa mchana yumo kundi la pili. Lakini kwa upande wa vipepeo, naona hatua kubwa zaidi ni ya mwaka 1968, William Miller na Gary Bernard walipoeleza mng'ao wa macho yao. Maelezo hayo ndiyo yaliyofungua njia ya kulichunguza jicho likiwa zima na mwenyewe akiwa hai.

Chini ya kila kijicho, mrija wa hewa, wa aina ileile anayopumulia mdudu, umegeuka kuwa matabaka membamba mno yanayopishana na hewa, nayo hurudisha mwanga kama kioo. Mwanga ushukao katika rabdomu, uzi mwembamba wenye rangi ya kuonea, hunaswa kwa sehemu. Unaobaki hugonga kioo, hupanda njia ileile, na usiponaswa safari ya pili hutoka nje. Huo ndio mng'ao. Kipepeo aliyekaa gizani akimulikwa chini ya hadubini, huonekana vidoa vyekundu, vya manjano na vya kijani vikiwa bega kwa bega. Mwanga ukizidi, vidoa hufifia ndani ya sekunde chache, kwa kuwa chembe za rangi ndani ya seli husogea hadi ubavuni mwa rabdomu na kuufyonza. Basi mwanga urudio hubeba habari: kilichopungua humo kimenaswa ndani. Bernard, na Doekele Stavenga huko Groningen, Uholanzi, waliutumia mng'ao huo kupima rangi za kuonea bila kulipasua jicho.

Atakayesema elektrodi inayochomwa ndani ya seli hutoa jibu la moja kwa moja zaidi hakosei, maana ndiyo inayoonyesha seli imeitikia nini. Ila husikiliza seli moja moja tena kwa kutoboa, hali mng'ao huonyesha eneo zima na tofauti za vijicho jirani. Pingamizi zito ni vipepeo wa jamii ya Papilio: hawana kioo hicho, na bado wanatambua rangi vizuri sana juani. Kwao mbinu hii imegonga mwamba, ndiyo maana wachunguzi wa Papilio xuthus nchini Japani walilazimika kutegemea elektrodi. Hilo lathibitisha kwamba kioo si sharti la kuona mchana; halithibitishi kwamba walio nacho hawafaidiki, maana mwanga uliopita bila kunaswa hupewa nafasi ya pili.